Laptopu moja ya milioni tano au nne za milioni moja moja? Fundi wa mitambo naomba ushauri kabla sijaua nyingine

#1 Spana_19 (Kahama)

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi ni fundi wa mitambo mizito, najitegemea. Eskaveta, greda, jenereta kubwa. Nazunguka Kahama, Geita, nikiitwa Chunya naenda. Zamani fundi alibeba spana na masikio yake. Siku hizi injini ikigoma unachomeka adapta, unafungua laptopu, mtambo wenyewe unakueleza panapouma. Bila laptopu mimi pale saiti ni abiria tu.

Sasa ndani ya miaka mitano nimezika mashine tatu.

Ya kwanza niliinunua mpya, 1,200,000. Ilikuwa kwenye boksi la vifaa nyuma ya pikapu, jeki ikaiegemea njia nzima. Kioo kikapasuka, nikabadilisha kwa 220,000. Miezi minne mbele bawaba ya kushoto ikang'oka na plastiki yake.

Ya pili ilikuwa mtumba, 900,000. Hii haikuanguka wala haikubanwa, vumbi ndilo lililoiua. Feni ilianza kulia kama cherehani, ikawa inajizima kila jua likipanda, mwisho bodi ikaungua. Fundi alipoifungua alikomba vumbi jekundu la kujaza kijiko cha chai. Alichukua 160,000 kuifufua na haikufufuka.

Ya tatu mpya tena, 1,350,000. Hiyo imekufa mwezi uliopita. Niliiweka juu ya cheni ya eskaveta nikashuka kuangalia waya, opareta akawasha injini bila kuniuliza. Mtetemo uliiteremsha taratibu mbele ya macho yangu, ikatua kwa kona.

Jumla ni 3,450,000. Weka matengenezo 380,000, inakuwa 3,830,000. Gawa kwa miaka mitano unapata 766,000 kila mwaka. Na hapo sijahesabu siku nilizokaa bila kazi. Ile ya tatu ilipokufa, mteja eskaveta yake imelala na malori sita yamejipanga kusubiri kupakiwa. Nikamwambia nipe siku tatu. Akaita fundi mwingine, na hajanipigia tena mpaka leo.

Nimeanza kuziangalia hizi Panasonic Toughbook, vijana wanaziita laptopu za kijeshi. Bei zake nilipozisoma nilitafuta pa kukaa. Toughbook 55 ilitoka 2019 ikianzia dola 2,000 na kidogo, yaani milioni tano na ushee kwa dola ya 2,500, na bado usafiri. Toughbook 40 iliyotoka 2022 ndiyo balaa, ilianzia karibu dola 4,900. Zaidi ya milioni 12! Bodaboda ngapi hizo?

Lakini hesabu yangu inaniambia hivi: nikinunua ya 5,500,000 ikakaa miaka minane, ni 687,500 kwa mwaka. Chini ya ninachochoma sasa hivi. Nakosea wapi?

#2 Kibarazani (Tanga)

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Subiri watu wa Kariakoo waje kukuambia T480.

#3 Mchikichini_Kompyuta (Dar)

Haya nimekuja. T480.

Siongei kwa ajili ya biashara, ingawa biashara ninayo. Mkuu, Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba unaipata kwa 600,000 hadi 700,000 kutegemea hali yake. Ni ya 2018, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kwa hiyo Windows 11 inaingia bila ujanja. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, na ile ya nje unaibadilisha mashine ikiwa imewaka. Kibodi yake ina matundu ya kupitishia maji, chai ikimwagika inashukia chini badala ya kuogelea kwenye bodi. Vipuri vyake vimejaa mpaka vibarazani.

Kwa 5,500,000 yako unapata nane na chenji. Ua moja kila mwaka, miaka minane itapita.

#4 Spana_19

Mkuu Mchikichini, hesabu nimeielewa na nilishaipiga mwenyewe. Kuna kitu sikukiandika pale juu. Programu ninayosomea namba za hitilafu za injini leseni yake imefungwa kwenye mashine moja. Mashine ikifa, naanza kubembeleza leseni ihamishwe, kuweka upya kila kitu, madereva ya adapta, mafaili ya wateja. Siku mbili mpaka nne zinaondoka. Hizo nane za akiba kila moja itataka leseni yake, la sivyo ni vioo vya kujitazamia.

#5 Mbao_Zege (Morogoro)

Halafu mnahangaika na majina tu. EliteBook za HP na ThinkPad nazo zimeandikwa MIL-STD-810. Ni jeshi lile lile la Marekani. Toughbook unalipia mpini.

#6 Ohm_Kilo (Dar)

Mbao_Zege hapana, ngoja tulinyooshe hili maana ndipo watu wengi wanapoliwa hela.

MIL-STD-810 ni kitabu cha namna ya kupima vitu. Toleo G ni la 2008, H la 2019. Ndani yake kuna majaribio mengi: kudondosha, mtetemo, joto, baridi, mvua, vumbi, ukungu wa chumvi. Jeshi la Marekani halitoi cheti kwa laptopu yoyote ya dukani. Mtengenezaji anachagua mwenyewe majaribio anayoyataka na kiwango anachokitaka, anapima mwenyewe au anapeleka maabara, kisha anaandika "imepita MIL-STD-810". Laptopu iliyopita mtetemo na unyevu tu inaandika maneno yale yale na iliyopita kila kitu.

Chukua kudondosha. Jaribio linalotajwa sana ni mara 26, kwa kila uso, kila ukingo na kila kona, kutoka sentimita 122, juu ya plaiwudi ya inchi mbili iliyolazwa kwenye zege. Kitabu kinaruhusu hizo mara 26 zigawanywe kwa mashine hadi tano. Kwa hiyo hiyo yako ikishaanguka mara sita usiishike shati ukidai ishirini zako zilizobaki.

Kinachosema ukweli zaidi ni namba mbili za IP, alama ya kuzuia vumbi na maji. Ya kwanza ni vumbi, inaishia 6. Ya pili ni maji. Laptopu ya kawaida huikuti imeandikwa IP popote. Toughbook 55 ni IP53: vumbi linaingia kidogo lakini si la kuiua, na inavumilia maji ya kunyunyiza. Toughbook 40 ni IP66, vumbi haliingii kabisa na unaipiga maji ya mpira. Na zinapodondoshwa, ya 55 inatajwa sentimita 91, ya 40 inatajwa 180.

Mkuu Spana, soma tena hapo. Cheni ya eskaveta ni sentimita ngapi kutoka chini?

#7 Spana_19

Nimetoka kupima sasa hivi kwa tepu. 104. Hapo bado sijaweka kabini.

#8 Kibarazani

😂😂 Mtu kaenda kupima kweli.

#9 Mpima_Viwanja (Dodoma)

Mimi ni mpima ardhi, niongelee kitu ambacho hakuna aliyekigusa: kioo kwenye jua.

Laptopu ya kawaida mwanga wake ni niti 250 hadi 300. Ndani ya nyumba unatosha na kuzidi. Toka nayo Dodoma saa saba mchana, unajiona mwenyewe na kofia yako. Niliwahi kukata boksi la soda nikatengeneza kibanda cha kufunika laptopu, naingiza kichwa ndani kama mpiga picha wa zamani wa pale stendi. Mwenye kiwanja anakuangalia anajiuliza huyu ndiye mtaalamu niliyemlipa?

Siku moja nikasoma vibaya tarakimu moja kwa sababu ya mng'ao. Tukachimbia mawe mawili ya mpaka pasipo pake, tukarudi kuyang'oa kesho yake kwa mafuta yangu. Hiyo hasara haimo kwenye jedwali la bei la mtu yeyote.

Hizi ngumu kioo chake kinafika niti 1,000 na zaidi. Nina Toughbook niliyoichukua mtumba, kwenye jua naiona kama niko ofisini. Kwangu mimi kuanguka si hoja kabisa, sijawahi kuangusha kompyuta maishani. Nimelipia kioo.

Ila angalizo. Hiyo Toughbook 55 ilitoka na vioo vya aina mbalimbali. Kuna ya kioo hafifu na kuna ya niti 1,000 ya kugusa. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na muuzaji wa mtumba mara nyingi hata hajui. Mwambie aitoe nje juani, apige video.

#10 Mnara_Juu (Kitale, Kenya)

Hamjambo ndugu zetu wa TZ. Mimi kazi yangu ni minara ya simu, sana sana upande wa Turkana. Naona mnaongea kuanguka na vumbi, mimi kilichonifanya nishike rugged, yaani hizi za kazi ngumu, ni tundu moja tu: lile la pini tisa, RS-232.

Vifaa vingi kule juu bado vinaongea kwa tundu hilo. Laptopu za kawaida zilishaliacha kitambo. Unanunua adapta ya USB, inakubali leo, kesho imekataa, dereva yake imegongana na Windows, na wewe uko kilomita mia mbili kutoka mji, network hakuna ya kushukisha dereva nyingine kwa sababu mnara wenyewe ndio umekuja kutengeneza. Hapo ndipo unajua bei ya kitu.

Lakini sikununua mpya bana. Sina pesa hiyo. Niko na moja ya kazi ngumu ya mtumba, hiyo ni ya saiti peke yake, haina hata barua pepe. Halafu niko na ThinkPad ya elfu ishirini na nane za Kenya ya ripoti na mambo ya nyumbani. Zote mbili hazifiki nusu ya bei ya hiyo mpya.

#11 Volti_15 (Arusha)

Nilikuwa nasoma kimya lakini mkishaanza kusifia mtumba lazima niseme.

2023 nilinunua Toughbook CF-31 mtandaoni, muuzaji wa nje simtaji. Picha safi, ina mpini, imetoka kwenye gari la doria huko iliko. Mpaka inafika Arusha ilikuwa imenigharimu 780,000. Nikaipiga picha nikaweka stetasi, watu wakanipongeza.

Usiku nataka kuingia BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayowaka kabla ya Windows, nibadilishe diski ya kuwakia, inadai pasiwedi. Muuzaji ananiambia haijui, yeye kanunua mnadani. Hizi mashine nyingi zinatoka kwenye idara na makampuni makubwa yaliyokuwa yanazifunga kwa pasiwedi ya msimamizi, na nyingine zina ile programu ya kufuatilia mali iliyokaa ndani ya BIOS yenyewe, hata ubadilishe diski inarudi. Kwenye laptopu nyingi za zamani vijana wa mjini wanachomoa betri ndogo ya bodi, inasahau. Hii haisahau. Nililipa 150,000 kwa mtu wa kuiandika upya chipu, wiki mbili iko mezani kwake imefunguliwa.

Na alipoifunga, zile mpira za kuziba maji na vumbi pembezoni alizirudisha zimejikunja. Tangu siku hiyo mimi nina laptopu ya kilo tatu na nusu na ushee ambayo IP yake ni ya kumbukumbu tu.

Halafu chaja. Chaja za kawaida ni volti 19, 19 na nusu, 20. Panasonic hizi ni volti 15.6. Ya kwangu inataka 15.6 na ampea 7. Tembea mji mzima uitafute. Fundi mmoja akaniambia "weka tu hii ya 19, inaingia". Kila kinachoingia kinafaa?

La mwisho, Windows. CF-31 ya mwisho kabisa ina prosesa ya kizazi cha tano. Windows 11 inataka cha nane kwenda juu na TPM 2.0, chipu ya usalama. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo chuma kitaishi miaka ishirini, programu zinakikimbia. Mimi yangu naiwasha bila intaneti, inasoma magari mawili matatu ya zamani, basi.

Bado inawaka lakini. Hilo siwezi kulikana.

#12 Mchikichini_Kompyuta

Volti_15 pole kaka. Na mimi nikiri kitu: hizo mashine nikiletewa kununua sizigusi, kwa sababu hiyo hiyo ya BIOS. Anayetaka mtumba aanzie kizazi cha nane kwenda juu. Toughbook 55 zile za mwanzo zimo. Dell Latitude 5420 Rugged na 7424 pia zipo zenye kizazi cha nane, ila angalia vizuri, kuna zenye cha sita na saba kwenye bodi inayofanana.

#13 Bahari_Kuu (Unguja)

Assalaam alaykum. Mie nashughulika na injini za boti, pande za Nungwi. Nataka kuongeza moja kuhusu hiyo IP.

Namba ya pili ni maji, na maji yenyewe ni maji matamu ya bomba. Chumvi ni jaribio jengine kabisa. Na vifuniko vya pembeni lazima viwe vimefungwa. Sasa wewe umechomeka waya wa adapta, kifuniko kiko wazi, wimbi limekupiga. IP yako imekwenda na wimbi.

Mie nnayo moja ya Getac, kampuni nyengine ya hizi za kazi ngumu, mtumba, mwaka wa nne huu. Kila jioni naipangusa kwa kitambaa kibichi cha maji matamu, vifuniko navifungua ndani ya nyumba tu. Kabla yake laptopu za kawaida zilikuwa hazimalizi msimu mmoja wa kusi. Hazianguki, hazirowi, zinakula kutu tu ndani, siku moja unaziwasha hazitaki.

#14 Jangwani (Maskati)

Waalaykum salaam ndugu yangu Bahari_Kuu, nami asili yangu huko huko.

Mie nipo Oman, kazi ya visimani, jangwani. Mwezi wa saba joto linapita nyuzi 45 kivulini, na kivuli chenyewe unakitafuta. Apple wameandika wenyewe MacBook itumiwe kati ya nyuzi 10 na 35. Hizi za kazi ngumu zinaandikwa mpaka 60.

Lakini musifahamu kuwa haisikii joto. Kompyuta ikipata moto prosesa inajipunguza kasi, na ile isiyo na feni inajipunguza zaidi. Na betri ikiwa moto haikubali chaji. Ofisini kwetu mashine ya kawaida ya nusu bei inaipita mbio hii yangu ngumu kila siku. Nje ndipo wanapopishana, ile imezima, hii inatambaa. Anayenunua akidhani bei kubwa ni kasi kubwa atalia.

#15 Dada_wa_Stoo (Mbeya)

Habari zenu. Mimi natunza stoo ya mkandarasi wa barabara, kwa hiyo laptopu zote za saiti zinapita kwenye daftari langu. Nimelifungua daftari leo kwa ajili ya uzi huu.

Miaka minne, laptopu 14 za kawaida. Zilizoanguka zikafa: mbili. Vumbi: moja. Chai, soda na uji: tatu (uji ni msimamizi, nimemsamehe). Jenereta iliruka umeme ikaondoka na moja. Zilizoibiwa: mbili, moja kwenye gari limeegeshwa pale pale penye watu. Chaja zilizokufa au kupotea: tisa.

Bosi alipotaka tubadilishe zote tuweke hizi ngumu, nikamwambia tuhesabu kwanza. Hizo mbili na moja na tatu ndizo zingepona. Mbili za wizi zisingepona, tena mwizi angebeba milioni tano badala ya milioni moja. Ya jenereta ilitakiwa stebilaiza ya bei ya kuku wawili watatu. Tukanunua ngumu tatu tu: ya mpimaji, ya mtu wa maabara ya udongo, na ya fundi mitambo. Wengine wote nikawanunulia mabegi yenye sponji na nikapiga marufuku chai mezani. Marufuku ya chai haijafanya kazi.

Kaka Spana, swali langu: hiyo 5,500,000 unayo mkononi au unakopa? Maana kwenye hesabu yako ya miaka minane sijaona riba ya VICOBA.

#16 Spana_19

Dada hapo umenigusa kidonda. Nina milioni mbili na laki moja. Iliyobaki ningekopa.

#17 Dada_wa_Stoo

Basi hesabu ya miaka minane iweke pembeni. Ukiibiwa mwezi wa tatu, miaka minane unaimalizia kwenye rejesho.

#18 Ohm_Kilo

Na mimi niongeze upande wa pili, maana hesabu ya kununua peke yake inadanganya. Spana kwenye mashine zako tatu hakuna hata moja iliyokufa kwa sababu ya diski, na zamani hiyo ndiyo ilikuwa inaua nyingi: diski ya kuzunguka, bodaboda ikiruka tuta sindano inagonga sahani. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, imelimaliza hilo kimya kimya. Kwa hiyo pengo kati ya ngumu na ya kawaida leo ni dogo kuliko lilivyokuwa 1996 Toughbook zilipoanza. Kilichobaki ni mambo matatu manne: kioo cha juani, vumbi, matundu ya kazi, na kubanwa.

Kwako wewe siku moja ya kazi ni shilingi ngapi?

#19 Spana_19

Kuita na kupima tu ni 150,000. Nikitengeneza, 300,000 mpaka 400,000. Lakini mkuu, yule mteja wa malori sita alikuwa ananipa kazi kila mwezi.

#20 Ohm_Kilo

Ndiyo maana nauliza. Wanaosema nunua nane za bei rahisi wanahesabu laptopu. Wewe unapoteza mteja, na mteja mmoja wa kila mwezi, kwa miaka michache, ni zaidi ya Toughbook 40. Upande mwingine Dada wa Stoo yuko sahihi, huna hela ya mpya, na kwa cheni ya sentimita 104 hata hiyo 55 mpya haijaahidi kitu.

Ningekuwa wewe: mtumba ya kizazi cha nane kwa hela iliyopo, leseni ihamie huko, na nakala kamili ya diski nzima kwenye SSD ya nje inayokaa nyumbani. Na hiyo tabia ya kuweka laptopu juu ya cheni, hilo halina MIL-STD.

#21 Mbao_Zege

Nimejifunza. Ila bado nasema mpini mnaulipia.

#22 Mnara_Juu

Mpini ni mzuri wewe. Jaribu kupanda mnara na begi.

#23 Spana_19

Wakuu narudi baada ya wiki saba. Mliouliza inboksi nisameheni, nilikuwa Chunya.

Nilichukua Toughbook 55 ya mtumba, kizazi cha nane, 1,850,000. Kabla sijatuma hata mia nilimpigia muuzaji simu ya video. Nikamwambia washa, ingia BIOS nione. Akaingia, hakuna pasiwedi. Nikamwambia nenda nje juani. Akalalamika jua kali, nikamwambia ndiyo maana. Kioo kikasomeka vizuri, ni kile cha niti 1,000. Nikamwambia igeuze nyuma: tundu la pini tisa lipo. Fungua kila kifuniko, nione mpira. Kimoja kilikuwa kimekatika, akapunguza 50,000. Simu ya dakika arobaini, nadhani alinichukia.

Leseni ilinichukua siku tatu kuhamisha. Nakala ya diski iko kabatini kwa mama mtoto, chini ya vitenge, hakuna mwizi anayefika huko.

Ripoti ya saiti. Vumbi: naipuliza jioni, feni iko kimya, ila nafahamu IP53 si 66, simuachii Mungu kila kitu. Jua: Mpima_Viwanja ubarikiwe, sikujua nilikuwa nakunja uso kiasi gani miaka yote hii. Kasi: kawaida tu, ya tatu ilikuwa nyepesi zaidi.

Kuanguka: wiki iliyopita nimeinama chini ya injini, namwambia opareta nishushie hiyo mashine. Nilitegemea anipe mkononi. Yeye kaona mpini, kaishika kama ndoo, akaiachia kutoka usawa wa mlango wa kabini, ikatua kwenye udongo uliochimbuliwa. Nilifumba macho. Nilipofumbua inaniuliza pasiwedi ya Windows. Opareta anasema "si uliniambia ni ya jeshi?"

Chaja ndiyo habari nyingine. Siku ile ile, toroli la kokoto limepita juu ya kile kiboksi chake mara mbili, kwenda na kurudi. Volti 15.6, ampea 7.05. Mwenye nayo orijino, Kahama, Shinyanga au Mwanza, aje inboksi.

#24 Volti_15

Ninayo. Nilinunua mbili siku ile nilipopata. Karibu Arusha.